Bunduki ya Msafiri na Kahawa ya Njiani

Kila msafiri atokaye Butembo kwenda Beni, au atokaye Beni kushuka Kasindi, huuliza maneno mawili kabla ya kupanda gari. La kwanza ni hili: je, njia ni salama leo? La pili laonekana dogo: nitapata wapi kikombe cha kahawa njema, nipumzike kidogo? Watu wengi hudhani ya kwamba maneno haya mawili hayana undugu. La kwanza ni neno la uhai na mauti. La pili ni la kinywa tu. Lakini mwenye kufikiri kwa utaratibu ataona ya kuwa yote mawili yatoka katika shina moja. Yote mawili yauliza: mtu awapo ugenini, amtumaini nani?

Ninyi wakatekumeni mnaojiweka tayari kwa Ubatizo, mtasafiri katika njia hizi kama watu wengine. Mtakwenda sokoni, mtakwenda hospitali, mtakwenda kuzika ndugu zenu. Yawapasa kujua mapema Mkristo afikiri namna gani juu ya silaha, kwa maana siku ya hatari haina nafasi ya mafundisho.

NJIA YENYEWE

Toka Butembo hata Beni ni mwendo wa kilometa 54 hivi. Toka Beni hata Kasindi, mpakani pa Uganda, ni kilometa 80 hivi. Upande wa kaskazini barabara yapita Oicha na Eringeti, kisha yaingia Ituri mpaka Komanda. Kwa njia hizi hupita mbao, kakao, kahawa, samaki wa Kyavinyonge, viazi vya Lubero, na vitu vya dukani vitokavyo ng'ambo. Njia ikifungwa, mafiga hupoa katika nyumba nyingi.

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji mengi yametokea katika nchi ya Beni. Watu wameuawa mashambani, nyumbani na njiani. Lawama kubwa yawaangukia waasi waitwao ADF, ambao asili yao ni Uganda. Mwezi wa Mei 2021 Serikali iliweka utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwisho wa Novemba mwaka ule ule askari wa Uganda waliingia kushirikiana na askari wa Kongo. Hata hivyo damu haikukoma. Mwezi wa Julai 2025, huko Komanda, waamini wapatao 40 waliuawa walipokuwa wakikesha katika sala parokiani.

Basi, mtu asiicheke hofu ya msafiri. Hofu yake si ya bure.

MAONI YA WASAFIRI WATATU

Katika magari na katika vibanda vya chai husikika maoni ya namna tatu.

Wa kwanza ni mfanyabiashara. Husema: «Mimi nachukua fedha za watu. Mwizi akinijia, je, nitamzuia kwa maneno? Heri niwe na bastola chini ya kiti.»

Wa pili ni dereva mwenye mvi. Humjibu: «Mwanangu, bunduki huita bunduki. Mimi nimepita njia hii miaka mingi, na mikono yangu yaonekana mitupu. Anayenisimamisha huniona mara moja kuwa mimi ni dereva tu.»

Wa tatu ni mama atokaye katika mkutano wa sala. Naye husema: «Baba zangu, mimi sitafuti bunduki, wala singoji askari. Amtegemeaye Mungu hana haja ya kusindikizwa.»

Kila mmoja wa hawa watatu ana sehemu ya kweli, na kila mmoja aweza kupotea. Yafaa maneno yao yapimwe moja moja.

JE, NI HALALI KUJILINDA?

Amri ya Tano yakataza kuua. Lakini Amri hiyo hiyo yatufundisha ya kwamba uhai ni amana ya Mungu. Aliyepewa amana apaswa kuitunza. Kwa sababu hiyo Kanisa halimlazimishi mtu kukaa kimya hali yuaona panga likimshukia yeye au watoto wake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alieleza jambo hili vizuri sana. Alisema ya kwamba tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili: mtu kuokoka, na mshambulizi wake kufa. Ikiwa mtu alikusudia kuokoa uhai, naye hakutumia nguvu kupita kadiri iliyohitajiwa, hakutenda uuaji. Lakini akizidisha nguvu kuliko haja, amekosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha vivyo hivyo.

Tazameni pia sheria ya Musa katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Mwizi akivunja nyumba usiku, naye akapigwa hata akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Kwa nini? Kwa kuwa gizani mwenye nyumba hawezi kujua kama mgeni yule amekuja kwa ajili ya mbuzi au kwa ajili ya shingo yake. Mchana aweza kuona, aweza kupiga kelele, aweza kuwaita jirani. Ndivyo Mungu alivyowafundisha watu wake ya kwamba hata damu ya mwizi ina thamani, wala mbuzi hailingani nayo.

Sasa mfanyabiashara ajiulize: bastola ile chini ya kiti yalinda nini? Yalinda uhai, au yalinda bahasha? Fedha ikipotea, hutafutwa tena kwa jasho, hata kama ni kwa uchungu na kwa deni. Mtu akifa, hatafutwi sokoni.

Tena kuna mlango mwingine ambao hana budi kuupita, nao ni mlango wa sheria. Sheria ya nchi juu ya silaha na risasi, iliyowekwa mwaka 1985, hairuhusu raia kuchukua bunduki kama achukuavyo mwavuli. Yahitaji kibali. Anayeficha silaha bila kibali amejiunga, kwa kujua au kwa kutojua, na wale wanaoisumbua njia. Tena askari wa kizuizini akiikuta chini ya kiti, atajuaje ya kuwa huyu ni mwema? Moyo wa mtu hauonekani, bunduki yaonekana.

Mwisho, akili yenyewe yashuhudia. Wavamizi wa barabara huchagua mahali mapema, hungoja penye kona au penye kilima, nao huja wengi. Bastola moja itawafanya nini? Mwenye gari akifa, bastola yake haifi naye. Yaingia porini, yaongeza idadi ya silaha zilizomo, na kesho yamngoja msafiri mwingine. Ndivyo bunduki ya mtu mwema igeukavyo kuwa bunduki ya mtu mwovu.

Basi, maoni ya dereva yapita ya mfanyabiashara. Lakini dereva naye asijisifu. Mikono mitupu ni hekima nzuri. Si dawa ya kuzuia mauti. Wengi wenye mikono mitupu wameuawa katika njia hizi.

EZRA NA NEHEMIA

Yabaki maneno ya yule mama. Je, kungoja askari wa kusindikiza ni kukosa imani?

Maandiko Matakatifu yatuonyesha wasafiri wawili waliotoka katika nchi za mfalme wa Uajemi kwenda Yerusalemu. Wa kwanza ni Ezra, kuhani. Yeye alikuwa amemwambia mfalme ya kuwa mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Kwa hiyo aliona haya kuomba askari. Alikusanya watu wake kando ya mto Ahava, wakafunga, wakaomba, wakaenda bila ulinzi, nao wakafika salama. Wa pili ni Nehemia. Yeye alikwenda na barua za mfalme, pamoja na maakida wa jeshi na wapanda farasi. Naye akafika salama.

Maandiko hayamlaumu Ezra kwa ujasiri wake, wala hayamlaumu Nehemia kwa busara yake. Wote wawili walimtegemea Mungu. Mmoja alimtegemea bila askari, mwingine alimtegemea pamoja na askari. Kosa lingekuwako kama Ezra angewadharau waliopata ulinzi, au kama Nehemia angewaweka farasi mahali pa Mungu.

Kwa hiyo mama yule asiwahukumu wanaongoja msafara wa magari. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alikataa kujitupa toka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Alisema ya kuwa haifai kumjaribu Mungu. Kupita njia ya hatari kwa makusudi, wakati ulinzi upo na haja ya haraka haipo, ni kujitupa vile vile.

Lakini wala msafara si mwokozi. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva wao katika barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Magari yao hayakusindikizwa na askari. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule msafara mwingine, uliosindikizwa, ulishambuliwa katika barabara ya Komanda na magari yakateketezwa. Aliyesindikizwa alishambuliwa, na asiyesindikizwa alishambuliwa. Basi mtu asiseme juu ya kaburi la msafiri ya kuwa imani yake ilikuwa haba. Maneno kama hayo ni jiwe la pili juu ya mfiwa.

Tena kumbukeni usiku wa Gethsemane. Petro alikuwa na upanga, naye alikuwa na nia njema: alitaka kumlinda Bwana wake. Alimkata sikio Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu. Bwana alimwamuru aurudishe upanga mahali pake, kisha akaliponya sikio. Huyo Malko alikuja kama adui, akarudi nyumbani ameponywa na yule aliyekuja kumkamata. Upanga wa Petro haukumwokoa hata mtu mmoja usiku ule.

KAHAWA HUTOKA WAPI?

Sasa tugeukie kikombe. Msafiri aketiye kibandani huagiza kahawa, naye hukasirika ikiwa chungu au yanuka moshi. Mara nyingi huletewa chai, au unga wa kahawa wa mkebe utokao ng'ambo. Hushangaa: je, hii si nchi ya mibuni?

Naam, ni nchi ya mibuni. Mji wa Butembo umekaa juu, kupita meta 1,700, na katika vilima vya Lubero na miteremko ya Ruwenzori mbuni wa arabika hustawi vizuri. Chini, upande wa Beni penye joto, ulistawi mbuni wa robusta, mpaka ugonjwa wa kunyauka ulipoangamiza mashamba mengi katika miaka ya mwisho ya karne ya 20. Wakulima wengi wakapanda kakao badala yake.

Kahawa njema haitengenezwi kwa haraka. Mche hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri. Matunda hayaivi siku moja; mkulima huchuma yaliyo mekundu tu, moja moja, akirudi tena na tena kwenye mti ule ule. Siku ile ile huyamenya, huyaacha yachachuke, huyaosha kwa maji safi. Kisha huianika buni juu ya chanja kwa siku nyingi, huipindua, huifunika mvua ijapo. Wakulima wa Ruwenzori walioungana katika ushirika uitwao Kawa Kanzururu wajua kazi hiyo, nao wamejenga mahali pa kuoshea buni ili kahawa yao isifiwe mbali.

Fikirini sasa: kazi hiyo yote yahitaji nini kuliko vyote? Yahitaji amani. Anayeogopa kwamba usiku watakuja watu wenye bunduki, hangoji tunda liwe jekundu. Huchuma mabichi na mabivu pamoja. Huyaanika chini, penye vumbi, karibu na mlango. Humwuzia mtu wa kwanza ajaye, kwa bei yoyote, ili asikutwe na mzigo. Mwingine hukimbia kabisa, na mavuno yake huchumwa na wengine. Kahawa itokayo katika shamba la hofu huwa chungu, na msafiri hajui sababu ya uchungu ule. Bunduki imekwisha kuingia kikombeni mwake.

Kwa hiyo maswali yale mawili ya msafiri ni swali moja. Penye njia salama, kahawa njema itapatikana. Penye bunduki nyingi, hata kikombe chaharibika. Bastola ya mfanyabiashara haiwezi kumpa kinywaji anachokitamani. Amani ya mkulima yaweza kumpa.

KIKOMBE NA BUNDUKI

Tena kuna siri nyingine. Mwanamke auzaye kahawa kando ya barabara humfungulia mlango mtu asiyemjua. Msafiri naye hupokea kikombe toka mkono asioujua, akanywa. Yule hakuuliza kabila la msafiri, wala huyu hakuuliza kabila la muuzaji. Wote wawili wametumaini. Bunduki husema: «Sikuamini, kaa mbali.» Kikombe husema: «Karibu, keti.» Watu hawawezi kuishi pasipo neno hilo la pili.

Watu wa Beni na Butembo waliyajua haya kwa uchungu wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa mwezi wa Agosti 2018 na kumalizika mwezi wa Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Siku zile mtu aliogopa kupeana mkono na ndugu yake. Hofu ilikuwa na haki yake, na kunawa mikono kuliokoa wengi. Lakini hofu nyingine ilikuwa mbaya: watu walidhani ya kuwa waganga wamekuja kuua. Mwezi wa Aprili 2019, watu wenye silaha walimpiga risasi mganga aliyetoka Kameruni kuja kuwatibu wagonjwa, akafa huko Butembo. Hofu yenye akili hunawa mikono. Hofu isiyo na akili huua mwenye kuleta dawa. Mkristo ajifunze kuzitenganisha hofu hizi mbili.

Mfano wa Msamaria Mwema nao ni habari ya barabara yenye wanyang'anyi. Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyepigwa, wakapita upande wa pili. Labda walikuwa na mioyo migumu. Labda waliogopa tu, wakidhani ya kuwa ni mtego. Msamaria alikuwa na hofu hiyo hiyo mbele yake, lakini alisimama. Na katika mzigo wake Bwana wetu ataja nini? Mafuta, divai, na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni.

Mtu aweza kujibu: «Mwenye bunduki angeweza kusimama kwa ujasiri zaidi.» Labda. Lakini achukuaye bunduki amejizoeza kumwona kila asimamaye njiani kama adui mpaka ajulikane kuwa rafiki. Mara nyingi aliyeinua mkono ni mwenye kuhitaji msaada, na zoezi lile humchelewesha mtu kumtambua.

DENI LA WAKUBWA, NA NENO KWA VIJANA

Yasemwe pia ya haki. Kulinda njia si kazi ya kila raia. Ni kazi ya Serikali. Askari achukuaye silaha kwa amri halali, ili kuwalinda wanyonge, afanya kazi njema. Lakini mkubwa aachaye njia bila ulinzi, au askari awatozaye fedha wapitao badala ya kuwalinda, ana deni mbele ya Mungu. Msiwafundishe watu uvumilivu bila kuwakumbusha wakubwa deni lao.

Nao vijana husema: «Baba, wametuua miaka mingi. Tupeni bunduki.» Maneno hayo hayatoki katika ubaya, yatoka katika machozi. Asiwatukane mtu. Lakini kijana ajiulize: ni nani atakayemwamuru? Ni nani atakayempa chakula? Na siku vita vitakapokwisha, ni nani atakayeiondoa bunduki mkononi mwake? Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo atakula kwa bunduki hiyo, na watakaomlisha ni mama zake wenyewe, kwa kahawa na kakao yao.

Tarehe 1 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa Kinshasa, watu walioteswa mashariki mwa Kongo walimjia. Kijana mmoja wa Butembo-Beni aliweka chini ya msalaba panga, mfano wa lile lililomwua baba yake. Kijana yule alikuwa na sababu ya kulishika panga kuliko mfanyabiashara yeyote wa barabarani. Akaliweka chini. Hakusema ya kuwa kilichotendeka si kitu. Alisema kwa mkono wake ya kuwa hakitaendelea kwa njia yake.

MASHAURI KWA WASAFIRI

Kabla ya safari, ungameni au fanyeni tendo la majuto, ombeni, tena ulizeni habari za njia kwa wanaoijua. Ikiwa ulinzi upo, ungojeni bila kuona haya. Msichukue fedha nyingi kuliko haja. Msifiche silaha garini, wala msipande gari mnalojua ya kuwa limeificha. Mkivamiwa na wenye kutaka mali, toeni mali. Mkimkuta mtu ameumia, msipite upande wa pili.

Na mtakapoketi kunywa kahawa, mlipeni muuzaji haki yake, wala msishindane na mjane kwa ajili ya faranga chache. Nanyi mnaopanda mibuni, wekeni nyumbani kidogo ya buni iliyo njema, mkaange, mtwange, mnywe na wageni wenu. Si haki kwamba anayelima kilicho bora asikionje kamwe.

MASWALI

1. Kwa nini sheria ya Musa ilitofautisha mwizi wa usiku na mwizi wa mchana?
2. Ezra hakuomba askari. Nehemia alikwenda nao. Katika safari yako ijayo, utamfuata yupi, na kwa sababu gani?
3. Ni nani kijijini mwako ambaye hofu yamfanya achume matunda mabichi? Jumuiya yenu yaweza kumsaidia namna gani ili alale usingizi?